Njia ya Maalim Imejaa Baiskeli

Unguja Mjini
Jumatatu, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha nawaamkia wote waliomo katika nyumba yetu ya Pangani, mkubwa kwa mdogo. Mguu wako uliovimba umepungua? Na mama, kikohozi kimemwacha au bado anakificha ili asinyweshwe dawa? Barua yako niliipata kwa mkono wa yule bibi muuza mikeka, nikaisoma nimesimama pale pale mlangoni, wali ukaungua jikoni. Sisi huku tu wazima wa mwili. Zaidi ya hapo sitaki kukudanganya.

Umeuliza habari za shemeji yako, ukasema barua zangu za karibuni hazimtaji. Umeona sawa, nilikuwa nakwepa. Leo nimekaa nikuandikie yote, maana nikiendelea kuyameza peke yangu nitapasuka.

Maalim Makame unamjua. Ulimwona siku ya harusi yetu: haoni tangu ndui ya utotoni, lakini ukitaka kumuudhi mshike mkono umwongoze. Kazi ya kumlisha ni kuwamba vitanda kwa kamba, na hiyo anaifanya hapa uani. Kazi aliyokuwa akiipenda ni kuadhini katika msikiti wetu mdogo wa mtaani. Kila wakati wa sala alitoka peke yake, kiganja cha kushoto ukutani, bakora mkono wa kulia. Anafuata ukuta wetu, ukuta wa jirani, halafu ukuta mrefu wa gofu, na mwisho wa ukuta huo ndio mlango wa msikiti. Amekwenda hivyo tangu marehemu baba yake alipomfundisha. Pale anapopitisha kiganja chokaa imekuwa laini.

Hilo gofu ni la nyumba kubwa iliyoanguka kwa mvua za masika kabla sijaja Unguja. Kifusi kilizolewa, pakabaki kiwanja kitupu na ukuta mmoja wa pembeni. Kabla ya Ramadhani iliyopita likafunguliwa duka ng'ambo ya kiwanja. Duka la madirisha ya vioo, dada, lina sukari, maziwa ya kopo, vitambaa vya doria, vyerehani, hata taa za karabai. Watu wanatoka Ng'ambo, wanatoka Mtoni, wengine wanakuja na magari ya punda kutoka shamba. Mwenye duka akawaambia wateja waache baiskeli na magari yao kiwanjani. Kiwanja ni kikubwa na kinawatosha wote. Lakini jua la Unguja halina mchezo, na kivuli kipo mahali pamoja tu, chini ya ukuta wa gofu.

Basi wote wanataka ukuta. Baiskeli zinaegemezwa juu ya baiskeli, mpini wa huyu umeingia katika gurudumu la yule. Mwenye gari anaisogeza mpaka pua yake inabusu chokaa, anashuka, na mlango anauacha wazi ili kiti kisipate joto. Yuko mmoja haingii hata dukani. Anapiga honi, aletewe bidhaa, azipekue, azirudishe, aletewe nyingine, na muda wote huo gari imekaa juu ya njia ya watu. Maganda ya machungwa wanatupa pale pale. Punda naye anafungwa kwenye nondo ya dirisha la msikiti, na unajua mwenyewe punda anaacha nini.

Ukiwaambia, dada, hapo ndipo utakapochoka. Wangekuwa watu wa matusi ningejua la kufanya, maana mdomo ninao. Hawa ni watu wa adabu tupu. Nilimwendea karani mmoja aliyevaa kanzu imenyooka kwa pasi.

"Ndugu yangu, baiskeli yako imeziba njia ya Maalim."

"Samahani sana, bibi. Wallahi sikujua. Nnanunua kibiriti tu, nnatoka sasa hivi."

Kibiriti! Nimerudi nyumbani, nimepara samaki, nimekuna nazi, nimechungulia tena, baiskeli ipo na mwenyewe yuko barazani kwa duka anahadithia mpira. Aliponiona aliweka mkono kifuani, akainama, akacheka. Kesho yake aliiegemeza pale pale.

Maalim akaanza kurudi na majeraha. Mara pedali imemchuna ugoko, mara mpini umemchoma ubavu. Nilikuwa nampaka mafuta ya nazi, na yeye ananinyamazisha. "Usigombane na watu, Mwanaidi. Wananunua. Watazoea." Nikamwambia watakaozoea ni miguu yako. Akacheka siku hiyo. Bado alikuwa anacheka.

Halafu watu wakaona wenyewe. Siku moja bakora yake iliingia kwenye gurudumu, akaanguka na safu nzima ya baiskeli ikamwangukia juu. Kiwanja kizima kilipiga kelele za huruma. "Pole Maalim! Pole sana!" Wakamkimbilia, wakampangusa vumbi, huyu kamshika mkono wa kulia, huyu wa kushoto, wakampeleka hadi mlangoni kwa msikiti. Mimi nilidhani balaa limekwisha, watu wameona kwa macho yao, sasa wataondosha. Kumbe ndio lilikuwa linaanza.

Tangu siku hiyo, kila akitokeza tu kwenye pembe ya nyumba wanamgombania. Mtu anaiacha sukari yake kwenye mizani ili aje amwongoze kipofu apate thawabu. Baiskeli yake mwenyewe haisogezi hata shubiri moja. Anampitisha katikati ya magari, anamzungusha nyuma ya punda, na njiani anamwomba dua. Wote hao wamefundishwa katika chuo cha Kurani kwamba kuondosha udhia njiani ni katika imani. Shemeji yako alirudi siku moja akaitupa bakora sakafuni, jambo sijamwona akilifanya tangu tuoane.

"Wananipeleka kama mbuzi wa sadaka," alisema. "Thawabu za kunishika mkono wanazigombania. Thawabu za kuniachia ukuta hazina mwenyewe."

Nilikwenda kwa mwenye duka. Nilijitanda buibui langu, nikasema naye kwa heshima. Naye, mtu mzuri, alisikitika mpaka macho yakamlenga machozi. Akachongesha kibao, kikaandikwa vizuri kwa rangi nyekundu kwamba wateja waache njia ya ukutani. Kikasimamishwa ukutani asubuhi. Jioni nilipotoka kilikuwa kimeegemezewa baiskeli, moja upande huu na moja upande ule. Nikachukua kigoda changu nikaenda kukaa pale mwenyewe. Waliniamkia mmoja mmoja, wakauliza habari za watoto nisiokuwa nao, wakaegesha kulia kwangu na kushoto kwangu, nikabaki katikati na kigoda changu kama muuza vitumbua.

Sasa nikwambie siku iliyotuvunja. Ilikuwa adhuhuri, na duka limepata doria mpya, watu wamejaa. Bwana mmoja alimpokea Maalim penye pembe, akamtia katikati ya kiwanja, na alipofika nusu ya njia akasikia anaitwa dukani.

"Zamu yako hii! Njoo, inakwisha!"

"Maalim, simama hapo hapo," alimwambia. "Usitikisike, nnakuja sasa hivi." Akamwachia mkono.

Dada, amesimama pale hana ukuta wa kushika. Mbele gari, nyuma gari, honi zinalia, na kila sauti inatoka upande wake. Aligeuka kidogo, basi, akapotea hajui msikiti uko wapi wala nyumbani ni wapi. Mtu aliyeuzoea mji huu kuliko mwenye macho! Msikiti wa mtaa wa pili ukaadhini. Msikitini kwake wakangoja, wakaona wakati unapita, akasimama fundi cherehani mmoja akaadhini yeye. Mimi niliisikia sauti ngeni nikatoka mbio, sikukumbuka hata buibui, nina kanga tu. Nilimkuta amesimama juani, kiganja kimoja juu ya bati la gari lililopata moto wa jua, jasho linamtiririka, na watu wanampita na vifurushi vyao wakimtolea salamu. Yule bwana alirejea na doria yake kwapani, anatabasamu.

"Haya Maalim, twende zetu."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika katika barua atakayosomewa mama.

Siku ya pili wazee wa msikiti walikuja nyumbani. Walikuja na haluwa, wakanywa kahawa, wakamsifu sauti yake tangu enzi za ujana wake. Kisha wakasema watu wanamwonea huruma, apumzike kidogo, fundi cherehani atashika. "Siku utakapoweza kuja bila ya taabu, Maalim, nafasi ni yako," walisema, na naamini walikusudia. Akawashukuru. Walipotoka niliwasindikiza mpaka nje, na wawili kati yao wakaenda kuzichukua baiskeli zao pale ukutani kwa gofu. Nilisimama nikawatazama mpaka wakapinda pembe. 

Usiniulize kwa nini haendi alfajiri, wakati duka limefungwa. Mikokoteni ya duka inalala pale pale, imefungwa minyororo ukutani. Wala usiniulize kwa nini mimi simpeleki. Nimemwomba. Anasema akipelekwa na mkewe kama mtoto wa chuo, hatakuwa muadhini tena, atakuwa mzigo wa muadhini. Sasa anasali hapa hapa chumbani.

Juzi nilikwenda kuzungumza na yule mwenye gari ya honi, bwana wa Mtoni. Nikamwambia hapa ulipoegesha ni njia ya kipofu. Akashuka garini kwa adabu, akatazama huku na huku.

"Kipofu gani, bibi? Mimi mbona nnakuja kila siku, sijawahi kumuona akipita?"

 Kweli hapiti.

Wewe uliandika tuhamie huko, mtatupa chumba cha uani. Ahsante, Mungu akulipe. Nilimsomea maneno yako. Akasema ukuta huu alifundishwa na baba yake akiwa mdogo, ukuta wa Pangani atafundishwa na nani saa hizi? 

Sasa sikiliza la Ijumaa. Mwenye duka alifiwa na nduguye, duka likafungwa kutwa. Hata mikokoteni ilikwenda kubeba majamvi na masufuria ya matanga. Nilitoka kwenda kununua muhogo nikaona kiwanja cheupe, na ukuta wa gofu mtupu mwanzo mpaka mwisho, hata baiskeli moja hakuna.  Nilirudi mbio na kikapu kitupu. Yeye yuko uani anawamba kitanda cha jirani.

"Maalim, inuka! Ukuta mtupu, wallahi mtupu wote! Tia kanzu uende, wakuone umekuja mwenyewe, watakurudishia adhana yako."

Hakuinuka. Alivuta kamba, akaikaza kwa goti, akaifunga fundo.

"Leo," alisema. "Na kesho?"

Nilikaa chini kando ya kitanda nikalia, na yeye akaendelea kuwamba. Jumamosi asubuhi duka lilifunguliwa, na kabla jua halijapanda ukuta ulikuwa umekwisha jaa.

Basi ndiyo hali, dada yangu. Sikuandikii ili unitafutie dawa, maana hakuna mtu wa kumshitaki. Kila mmoja ni mwema, kila mmoja ni sasa hivi tu. Nimechoka kuwachukia, na kuwapenda siwezi. Nilitaka tu mmoja katika watu wangu ajue.

Nibusie mama mikono, umwambie asifiche kikohozi. Baba mdogo, mwenye shamba la minazi, mpe salamu zangu na umwambie kofia aliyomletea Maalim ilimwenea sawasawa. Wifi yangu, mke wa kaka yetu, mwambie nimepokea habari za kujifungua kwake na nimefurahi mno, mtoto awe wa kheri. Shangazi anayetuuguzia mama, Mungu ampe nguvu. Na majirani wote wa upande wa mtoni wanaoniulizia.

Maalim naye anakusalimu. Nimemuuliza ana neno gani nikuandikie, akasema niandike kwamba ni mzima na kazi ya vitanda ipo. Nimeandika kama alivyosema.

Hapa nilipofika fundi cherehani ameanza kuadhini alasiri. Nimenyanyua kalamu nimtazame shemeji yako. Ameiweka kamba chini na midomo yake inakwenda polepole. Kila fundi akimaliza neno, na yeye analirudia kwa sauti ya chini, anaitikia adhana, kama sisi wengine.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi