Siku Mama Alipochagua Jiko Lake

Mitaboni,
Machakos.
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Mpendwa dada Nzembi,

Wi museo, dada? Natumaini baridi ya Gaborone imeanza kulegea, na kwamba wewe na shemeji Masila mko wazima. Kifua cha mwanao Mwelu kimepona? Sisi tuko salama. Mvua bado, ila shamba tumeshalilima tukiingojea. Mama anakula vizuri, na kidonda cha mkono kimefunga kabisa.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza, maana kuna jambo nimefanya bila kukuuliza.

Leso ya Mama iliposhika moto mwezi wa tatu, uliniambia nisimwache tena akaribie mafiga. Nilitii. Mtu asiyeona na moto wa kuni, nani angekubishia? Lakini hukuona kilichofuata. Mama akawa kama mgeni kwake mwenyewe. Nikimpelekea sahani ananishukuru kama mtu aliye hotelini. Siku moja nilimkuta akichambua maharagwe niliyokwisha kuyachambua. "Nipe kazi, Mutanu," akasema. "Mimi si mgonjwa."

Basi Jumanne nikampeleka Machakos mjini, kwenye duka la vifaa vya umeme la Mutuku, mwanamume mpole wa rika letu.

Kwanza alituwashia jiko la koili, lile la waya uliojiviringa unaowaka mwekundu. Mama akasogeza kiganja, joto likamfikia kabla hajagusa. Mutuku akalizima, lakini liliendelea kuchoma kwa muda mrefu. Mama akarudi nyuma. "Hili ni lile lile la kuni, limevaa tu nguo za mjini."

La pili lilikuwa bapa, laini kama kioo. Mutuku akatandika gazeti juu yake, kisha akaweka sufuria ya maji juu ya gazeti. Nilitaka kupiga kelele. Dada, maji yalichemka! Yalitokota hadi mvuke ukapanda, na gazeti halikuungua hata pembeni. Niliweza kusoma matokeo ya mpira. Tangu utotoni nimesikia mahubiri ya kile kichaka cha Musa, lakini sikudhani nitasimama mbele ya kitu cha namna hiyo karibu na stendi ya mabasi.

Mama aliyasikia maji. "Moto uko wapi?"

"Hakuna moto, Mwaitu," Mutuku akamjibu kwa heshima, kama anayemwita mama yake mwenyewe. "Sufuria ndiyo inapata joto yenyewe."

"Wala sisikii harufu ya moshi." Akanyoosha mkono. "Nionyeshe."

Mutuku akaondoa sufuria, jiko likalia kidogo na kujizima. Akaongoza mkono wa Mama hadi ukingoni, ambapo sufuria haikugusa. Palikuwa baridi! Mama alibaki amelaza vidole pale kama anayepima homa ya mtoto, nami nikageuka nitazame barabarani ili mwenye duka asione machozi yangu.

Kisha akauliza linawashwaje. Kumbe lilikuwa la kugusa tu kwa kidole, halina kitufe kilichoinuka. Kidole chake kikateleza huku na huko. "Hili limetengenezewa wenye macho," akasema, na uso wake ukasawijika.

Mutuku akaingia stoo, akakaa huko hadi nikadhani ametusahau. Alirudi na jiko la aina hiyo hiyo, lakini lenye kitasa cha kuzungusha ambacho hulia *ta* kila hatua. Mama akakizungusha akihesabu kwa Kikamba, hatua nane kwenda, nane kurudi. Akarudia mara tatu.

"Ni hili," akasema. Hakuniuliza mimi, dada.

Sufuria za alumini hazifanyi kazi juu yake, kwa hiyo Mutuku alitupatia sumaku ndogo ya kupimia; chombo inachonata ndicho kinachofaa. Nyumbani Mama alikaa chini akapima vyombo vyote kwa mikono yake. Kila sumaku iliponata alicheka. Sufuria tatu zimefaulu. Fundi ametuwekea soketi imara, na stima ikipotea nitawasha makaa mimi mwenyewe. Hilo nakuahidi.

Jana baada ya kanisa alipika. Nilisimama mlangoni na ndoo ya maji.

"Weka hiyo ndoo chini," akasema bila kugeuka. "Ama unataka kuniogesha?"

Nikaiweka. Vitunguu vilipokuwa vikikaanga aliinamisha kichwa, akapunguza hatua mbili. Nilimuuliza amejuaje. Akasema vimebadilisha sauti. Nami nikasikiliza kwa makini, nisisikie tofauti yoyote. Nilikwenda mjini kustaajabia jiko, dada, na jana nilisahau hata kulitazama. Nilikuwa namtazama Mama.

Tulikula ugali na sukuma, na mboga haikuungua hata jani moja.

Najua uliogopa, hata mimi bado naogopa kidogo. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, lakini kwanza usikie ujumbe wake. Amenikalisha hapa niuandike kama alivyousema: "Mwambie Nzembi asihangaike kubeba vyakula vya mikebe Desemba. Mwambie aje na njaa."

Msalimie sana shemeji Masila, na umbusu Mwelu kwa niaba yetu sote wa huku. Kaka Musili na mkewe Ndanu wanawasalimu pia. Mungu awafunike kwa mkono wake hadi tutakapoonana.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Mutanu