Barua ya Bunduki ya Bwana Yako

Ndaya mutoto yangu, leo asubui bintu yote iliharibika. Sombe iko mu chungu, upashe. Bwana yako alikuya na barua ya permis, ya kuomba ruhusa ya bunduki, eti mi nisinye, niweke jina yangu kama yeye ni mutu wa amani. Bakubwa ba serikali ya zone njo balimutuma kwangu: «Ule alikupa binti njo anakujua.» Balikuwa wapi mu kilio ya mama yako, wakati ulikuya na jicho imevimba juu ya ngumi ya bwana yako? ~~Nitasinya kesho.~~ Hapana. Barua iko chini ya sahani, bila jina yangu. Akuye kuikamata. Mi naenda ku mugodi ya Mutoshi. Bakubwa batapata mwengine wa kusinya, najua. Ukirudia kwake, ile bunduki ataiweka upande gani ya kitanda?

Tata yako