Jina Langu Lilikuwa na Mwenyewe

Baba yangu mpenzi,

Watu wanakuja kuhani msiba wako, nami nawapokea, nawatilia kahawa, naitikia dua zao, halafu nikirudi jikoni nasahau nimefuata nini. Mama anasema ni huzuni. Huzuni ipo, baba, lakini kubwa ni mshtuko. Mpaka leo sijaacha kushtuka. Nimeona nikuandikie wewe, maana kila ninayemwambia hapa Maskati ananikatiza aniambie ni kudra ya Mungu, na mimi nataka kwanza kusema mpaka nimalize.

Wengi wanaokuja wanakujua kwa mashine. Wamekuja wenye mashamba ya mitende wa Qurayyat, wale uliokuwa ukiwatengenezea pampu za visima. Wamekaa sebuleni, kwenye majlisi, wakisimulia jinsi ulivyokuwa ukilaza sikio juu ya injini kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Wanakuita Yusuf Bulandi, Yusuf Mpolandi. Mmoja alicheka huku analia, akasema hajapata kumwona mtu anayelipenda jua kama wewe. Mchana wa joto wenzako wote wako kivulini, wewe umekaa nje peke yako, mgongo umeuelekeza juani, umefumba macho. Mimi nilikuwa nikikucheka vilevile. Nilidhani ni vituko vya Kizungu.

Nilichokijua kuhusu maisha yako kilikuwa kifupi. Ulizaliwa Poland, kwenye kijiji cha mashamba ya ngano na theluji. Vita vikaja. Askari wa nchi jirani wakakuchukueni, wewe na mama yako, wakakupelekeni mbali kwenye baridi kukata magogo. Baadaye ukatolewa kule ukafanywa askari, ukapita Iran na Iraq na Palestina mpaka Italia, na huko, mlimani, kipande cha bomu kikaingia gotini. Vita vilipokwisha nchi yako ilikuwa mikononi mwa wengine. Ukamfuata mama yako Tanganyika, alikokuwa amepelekwa, kwenye kambi ya wakimbizi wa Kipolandi karibu na Arusha, ukakuta kaburi. Wenzako wakaenda Uingereza na Kanada. Wewe ukasikia tajiri mmoja wa karafuu Unguja anatafuta fundi wa mashine, ukavuka. Tajiri huyo ndiye babu. Ukasilimu, Józef akawa Yusuf, ukamuoa binti yake, nikazaliwa mimi.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukisimulia, upesi upesi, kama abiria anayetaja vituo alivyopita. Nikikuuliza zaidi ulikuwa unasema, "Baridi, mwanangu. Nyingine zote ni baridi," kisha unaomba chai.

Mara moja tu niliona kitu kimefunguka. Ilikuwa Unguja, 1964, asubuhi ile tuliposikia bunduki na jirani akaja mbio kutwambia tutoke. Nyumba nzima ilipagawa. Mama mdogo alikuwa anakunja mapazia. Mama ameshika kisanduku cha dhahabu, anazunguka nacho chumbani hajui akiweke wapi. Wewe hukupaza sauti. Ulimshika mkono ukamwambia, "Mke wangu, hiyo watu wataichukua njiani. Lete unga. Lete chumvi, sindano na uzi. Kila mtu avae viatu vyake vizuri kabisa." Mama akakutazama kama umerukwa na akili. Ukamwambia kwamba siku askari walipokujieni nyinyi kule Poland, mama yako alibeba saa ya ukutani akaacha unga mezani. Hukusema zaidi. Tukabeba unga. Dhahabu ya mama, ile aliyoificha kiunoni asikwambie, ilichukuliwa bandarini kweli, na kwenye meli mama mdogo alikanda ule unga akawapikia mikate watoto wa watu tusiowajua.

Tukafika hapa kwa sababu ya mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa hapa jirani, mji wa Matrah, miaka mingi na akatuombea ruhusa ya kuingia. Mama alilia mwaka mzima. Maji ya kuchota, mji unafungwa milango jua likizama, ukitoka baada ya hapo lazima ushike taa, Kiarabu cha watu hakikuwa kile chetu. Wewe ulizunguka ukitafuta injini mbovu. Ulimwambia mama kwamba mtu akifukuzwa mara ya pili hashangai tena, anaangalia tu maji yako wapi na nani anauza kuni. Maneno yale nilikuwa nikiyapenda. Nilijivuna nayo kwa wasichana wenzangu, kwamba baba yangu hashtuki.

Kisha, mwaka huu, siku chache baada ya mji kuanza kuachiwa milango wazi mpaka usiku, ukaanguka barazani. Upande wa kulia ukafa. Hospitali ya Matrah daktari akasema ni mshipa wa kichwani. Ulipozinduka tulikaa tumekuzunguka, ukafumbua mdomo, na kilichotoka hatukukielewa hata mmoja. Kiswahili kilikuwa kimeondoka. Kiarabu kimeondoka. Miaka zaidi ya ishirini na mama, na hukuweza hata kumwita.

Jina langu tu ndilo lililobaki. "Haniya," ukasema. Ulilitaja tena na tena, na kila mara mimi nikiitika, "Abee, baba." Niliinama karibu, nikakushika mkono mzima. Nilidhani nikiitika utatulia. Wewe ukawa unanitazama kama nimekuzuia kuona aliye nyuma yangu, unaita tena, machozi yanakutoka. Nyuma ya jina kulikuwa na maneno mengine, yale yale kila siku. Mjomba alinipa moyo, akasema baba yako ana wasia anataka kukwambia. Nami nikaamini.

Ndipo mjomba akakumbuka kwamba kule kwenye kambi ya mafuta anakofanya kazi yuko mhandisi mmoja Mwingereza ambaye wazazi wake ni Wapolandi. Akamleta. Kijana mwembamba, shingo nyekundu kwa jua. Alivua kofia, akakaa kwenye kiti changu, akakusemesha kwa lugha yako. Baba, uso wako ulivyogeuka sikupata kuuona vile. Ulimshika ukosi wa shati ukasema, ukasema, bila kupumua.

Yule kijana alizungumza na mjomba kwa Kiingereza, mjomba akanigeuzia maneno. Kwanza sikuelewa. Nikamwambia arudie.

"Hakuiti wewe," mjomba akasema. "Alikuwa na ndugu mdogo wa kike. Jina lake Hania. Wako kwenye treni, ndani ya behewa la ng'ombe, na baridi ni kali. Anamwambia: Hania, usilale. Ukilala utaganda. Usilale, fumbua macho."

Nikauliza, "Akalala?"

Mjomba akamuuliza kijana. Kijana akatikisa kichwa kukubali, akasema umemwambia kwamba waliteremshwa hapo hapo kando ya reli, wote waliokufa, na treni ikaondoka.

Umri wangu wote naambiwa Haniya ni jina la Kiarabu, lenye maana ya raha. Bibi alikuwa akilisifu. Na nilikumbuka, baba, pale pale, kwamba tangu utotoni hukuniachia nilale mchana. Nikisinzia mkekani utakuja unitikise bega, "Amka, twende tukaone mashine," na mama atakugombeza umwache mtoto wa watu.

Ulianza kuita tena. Yule kijana akanigeukia na kunisemesha mwenyewe, kwa ishara na Kiarabu chake kibovu, kwamba kuna maneno mawili nikitaka ninaweza kuyasema. Nikamtazama mama. Mama akafunika uso kwa mtandio. Sikujua kama ni halali kumdanganya mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe baba yangu. Lakini ulikuwa unalia.

Nikainama nikasema kama alivyonifundisha, "Nye shpye." Silali.

Ulinyamaza. Ukanitazama mimi, safari hii mimi hasa, ukanigusa shavu kwa vidole vitatu, ukavuta pumzi ndefu. Ukauliza kitu, kijana akasema unauliza kama baridi imepungua. Akajibu yeye kwa niaba yangu. Hukuita tena. Ulikufa kesho yake alasiri, umetulia, dirisha liko wazi na jua limefika mpaka kitandani.

Baada ya mazishi nilimkalisha mama. Nilikuwa na hasira, nikuambie ukweli. Nikamuuliza kama alijua.

"N'likuwa nnajua," akasema. "Alinambia kabla ya ndoa. Mara moja tu, akatapika, hakurudia tena. Ulipozaliwa, mimi ndiye niliyesema uitwe hivyo. Yeye hakuthubutu. Alikuchukua mikononi akashindwa kulitamka, akawa anakwita 'mtoto', mtoto, mpaka ulipoanza kutambaa. Siku moja ulikuwa unaelekea ngazini. Akapiga ukelele: Haniya! Ukageuka, ukamchekea. Tangu siku hiyo akaweza."

Hasira yangu ikaisha pale, lakini mshtuko umebaki mahali pake. Nakufikiria ukiliita jina hilo uani, sokoni, mbele ya wageni, mara ngapi kwa siku, na kila mara mtoto anaitika, yuko hai, amevaa viatu. Sijui lilikuwa linakuuma au linakuponya. Ningekuwa na muda ningekuuliza, na wewe ungeomba chai.

Yule kijana amekuja kuhani. Anasema hapana atakayejua mahali alipoachwa Hania, reli ile ni ndefu na waliolala kando yake hawakuandikiwa kitu.

Nimezoea mengine, baba. Hili bado. Mama akiniita kutoka uani siitiki mara moja. Nasimama kidogo nilipo, kimya, nikimpisha mwenye jina aitike kwanza.

Mungu akukutanishe naye, na amjuze kwamba niliazima mahali pake kwa siku moja tu.

Ni mimi, binti yako.