Mwezi wa Redio

Koyama, Jumatano, baada ya Isha

Nimewadanganya, na sasa sina pa kutokea.

Asubuhi niliwaingiza walimu wanne wa Kismayo kwa kayaki hadi mwisho wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, tukashuka kutembea kwenye uwanda wa chumvi. Nilihesabu tuna saa nzima kabla maji hayajatoka. Tuliporudi, kayaki zimelala kwenye tope.

Mwezi huu redio ilitangaza umeandama siku moja kabla ya sisi hapa kisiwani kuuona, nami nikafuata hesabu ya redio. Maji huchelewa kidogo kila siku. Mimi nilikuwa mbele siku moja, nikayatarajia yachelewe zaidi, yakaniacha.

Ningesema tu nimekosea. Badala yake nikasema, "Hapa ndipo tunapokaa kusubiri ndege waje kula topeni." Tukakaa chini ya mikoko mpaka Adhuhuri ikapita na maji yakarudi, chupa mbili za maji kwa watu watano, nami nikihesabu mafunda kila mmoja alipokunywa.

Wao wamefurahi! Mwalimu Safiya kawapigia wenzake simu. Kesho wanakuja sita, wanataka kukaa palepale, vilevile.

Nikirudi nyumbani nilimpita ami yangu akichonga mtumbwi. Alitazama tope miguuni mwangu. "Umefuata mwezi wa redio, sivyo? Maji hayasikilizi redio, mwanangu."

Nikiwatoa kabla maji hayajatoka, itabidi niseme kweli. Nisiposema...

Kesho nitakaa nao nikiyatazama maji yakiondoka, na safari hii sina redio ya kuilaumu.