Mahojiano Yaliyokuvunja Jino

Kaka yangu Wafula,

Tangu urudishwe Kenya hushiki simu yangu, eti hutaki kusikia habari za Doha. Basi nakuandikia mbele za watu, wakusomee hata ukikataa.

Unamkumbuka Denis, mwanafunzi wa kwetu aliyekuja kwenye chumba cha kufulia cha hoteli yetu? Alikuwa anatafiti jinsi kazi inavyopunguziwa upotevu wa muda na nguvu. Alisimama na saa akitupima tukipiga pasi mashuka, huku msimamizi amewaficha stoo wote waliofungwa bendeji mikononi. Ulicheka. "Huyu jamaa anapima harusi, ndoa hajaiona."

Kisha akatukusanya kutuhoji kwa pamoja. Msimamizi akavuta kiti akakaa katikati yetu, na Denis hakuthubutu kumtoa. Nilikukanyaga mguu unyamaze. Wapi! "Andika hivi," ukamwambia. "Hiyo mashine ya kupigia pasi imetolewa kinga ndio iende mbio, na inachoma watu mikono."

Ngumi ya msimamizi ilikukuta mdomo ukiwa wazi. Ulitema jino, ukamrukia, ukamgongesha kichwa ukutani mpaka damu ikarukia mashuka safi. Nilifurahi, kaka, sikufichi. Halafu walinzi wakaingia, vijana wa Kenya tunaosali nao kila Ijumaa, wakakulaza sakafuni kwa magoti. Mmoja alikukunja mkono huku akikubembeleza, "Pole bro, tulia, ni kazi tu." Ukasafirishwa bila kuniaga.

Mwezi uliopita Denis alinitafuta huku mtaani Al Rayyan, akanionyesha alichoandika kukuhusu: mshiriki mmoja hakumaliza mahojiano. Basi, hayo tu! Nilimkaba shati nikambana ukutani, chai yake ikamwagika. Akalia. Akasema madai ya mtu mmoja hayatoshi kwenye utafiti. Lazima mwingine aseme yaleyale, akiwa peke yake, bila bosi kumsikiliza.

Nikamwachia shati. Nikamwambia awashe kinasa sauti.

Aliniuliza kama afiche jina langu, maana hoteli iliyompa ruhusa ingesoma kila kitu. Nikakataa. Wameisoma ripoti yake, na leo nimekabidhiwa tikiti ya kurudi nyumbani.

Najua utataka kunichapa kwa kuipoteza kazi uliyonitafutia wewe mwenyewe. Nichape, sitainua mkono. Ila uje kwanza uwanja wa ndege, kaka. Tumesema wawili sasa.

Nakuja,
Mdogo wako