Shangazi, Siri Ile Haikutoka Kinywani Mwako

Ni mwaka mmoja sasa, shangazi, tangu mikono yako ipumzike.

Ulikuwa dada mkubwa wa baba yangu, na kwa miaka ishirini na miwili ulikuwa mkandaji. Chumba cha mbele kilikuwa na kitanda chako kirefu, pazia zito, beseni la maji ya moto na rafu ya taulo. Watu waliingia wamejipinda, wakatoka wamenyooka. Wengine walitoka wanaimba.

Nililetwa kwako nikiwa na miaka kumi na mbili, shule nimeiachia darasa la tano, nimejikunyata nyuma ya baba kama kuku aliyenyeshewa. Baba akakwambia, "Dada, huyu hasemi." Ukamjibu, "Vizuri, hapa tunataka wasiosema." Mkacheka.

Ulinifundisha kazi. Mtu akivua nguo tunageukia ukutani, hata kama ni bibi kizee anayesema, "Geuka tu mwanangu, hapa hakuna jipya." Pasipokandwa pafunikwe. Uliza kabla ya kugusa. Yule mwanamume aliyekuja akichekacheka, anatafuta mambo yake mengine, ulimfungulia mlango mwenyewe: "Kaka, hapa tunakanda misuli. Ukitaka kukandwa moyo, rudi kwa mkeo."

Wateja wako hawakuwa na majina. Walikuwa Bega la Kushoto, Goti Bovu, Kiuno cha Asubuhi. (Siyo yale yenyewe, nimeyabadilisha. Ungenikaripia.) Bibi, mama yako, akiuliza mezani, "Goti Bovu kaja leo?" ulimwambia, "Mama, kula." Nami nikiuliza kitu ulisema, "Siri ya mtungi aijuaye kata. Umeshaona kata ikizungumza?"

Na barabarani hukumsalimu mteja mpaka akusalimu yeye kwanza, asije akaulizwa na mwenzake mmejuana wapi. Watu walidhani unaringa. Kumbe ulikuwa unawatunza.

Sasa nafika pale ambapo mwaka mzima nimeshindwa kufika.

Wengi wanaosoma ukurasa huu wa kumbukumbu gazetini wanajua ulivyosemwa. Kwamba ulitoa nje siri ya mteja. Kwamba mtu akilala kwako, kesho yake mtaa mzima unajua. Shangazi, si wewe. Ni mimi.

Mama mmoja alikuwa amelala kifudifudi, unamkanda mgongo. Ulikuwa ukisema mwili ukilegea na ulimi hulegea, na siku hiyo ilikuwa hivyo. Alianza kulia, uso kwenye mto, akakueleza jambo lake. Nilikuwa nimeingia na maji ya moto, yeye hakujua. Ningeweka beseni nikatoka. Nilisimama nalo mpaka akamaliza.

Siku ya pili nilikwenda saluni kusukwa. Pale nilikuwa nakaa kigoda cha pembeni, hakuna anayenisemesha, wananiita Kinyamavu. Siku hiyo walikuwa wanamzungumza mama huyohuyo, wanakisia, wanakosea. Mimi nilijua. Nikasema, kwa sauti ndogo tu. Msusi akasimamisha mikono kichwani mwangu.

"Ehe! Kumbe Kinyamavu ana mdomo! Hebu sogea hapa, mwanangu, sogea."

Wakanipisha kwenye benchi. Wakanitazama usoni wote, wakangoja niendelee, nikaendelea. Katika yote ninayoyaandika, hili ndilo linaloniaibisha zaidi: nilifurahi.

Jioni ileile neno lilikuwa limemfikia. Asubuhi alikuja kwako. Ulimpa kiti, hakukaa.

"Nilikuvulia nguo," alikwambia. "Nikalala hapo kama maiti, nikakuamini. Wewe ukaenda kunianika."

Nilikuwa nyuma ya pazia na taulo mikononi. Uligeuka ukaniangalia mara moja tu, ukajua. Kisha ukamwambia, "Limetoka chumbani kwangu. Ni langu. Nakuomba msamaha."

"Ni wewe uliyesema?"

"Chumba ni changu."

Akaondoka. Hakubamiza mlango. Aliurudisha taratibu, kama mtu anayetoka kwa mgonjwa.

Nilingoja unipige au unirudishe kwa baba. Ulikwenda kumwaga maji, ukarudi ukakaa. "Nilikuingiza bila kumwuliza kama anataka uingie," ulisema. "Hilo ni kosa langu. La kwako unalijua." Hukulitaja tena.

Wateja wakapungua. Kwanza wanawake wa mtaa wetu, kisha na wa mbali. Sokoni walikuita Mkandaji Mdomo, ukiwa umesimama palepale unachagua vitunguu. Hukujitetea, maana ili ujitetee ilibidi unitaje mimi. Miezi saba nilikunja taulo zisizotumika. Kila asubuhi nilisema leo nitakwenda kwa yule mama. Kila jioni nilisema kesho. Nilikuwa naogopa watu watanionaje, mimi ambaye hakuna aliyekuwa akinitazama.

Kisha moyo wako ukasimama, umekaa kwenye kiti cha wateja, mchana mweupe. Msibani niliwasikia wanawake wawili: "Mikono alikuwa nayo, jamani. Shida ulimi." Nilikuwa nagawa maji ya kunywa. Niliwapa maji, wakanywa, nikapita kwa wengine.

Baba hakutaka niandike hivi. "Andika alikuwa mchapakazi na mcheshi, tuweke na picha, basi. Ya nyumbani hayaanikwi."

Nikamwambia, "Baba, yeye ameshaanikwa. Ni mimi nilimwanika."

Sijawahi kumjibu baba hivyo. Akauliza, "Tangu lini unajua hili?" Nikamwambia tangu siku ya kwanza. Alitoka nje. Aliporudi aliniambia nitafute picha ile unayocheka.

Lakini siri ina mwenyewe, na safari hii nilikumbuka kuuliza. Wiki iliyopita nilikwenda kwa yule mama. Sebuleni kwake nilisimama, nikamweleza, nikamsomea karatasi hii. Akanifutisha mistari miwili, kwa kuwa mtu angeweza kumtambua. Nilifuta mbele yake.

"Wewe sijakusamehe," aliniambia. "Na usije ukaniambia ulikuwa mtoto. Ulikuwa na miaka kumi na tisa."

"Ndiyo, mama."

"Yeye alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Na akanyamaza? Mpaka anakufa?"

"Alinyamaza, mama."

Hapo ndipo alipokaa chini. Alishika kichwa. Nilitaka kumgusa bega, nikakumbuka sijamwuliza, nikaacha. Baadaye akasema, "Nilipita mlangoni kwake mara ngapi! Ananitazama, namgeuzia shingo." Akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Karatasi yako ipeleke. Na hapo mwisho, kwenye wale wanaomkumbuka, niandike na mimi. Jina usiweke."

Unakumbukwa na mama yako, ambaye siku hizi magoti yake hayana wa kuyakanda. Na mdogo wako, baba yangu. Na wifi yako, mama yangu. Na wadogo zangu wanne uliowafundisha kunyoosha migongo. Na mteja wako mmoja. Na mimi, niliyekuchafulia jina nikakuacha ulibebe.

Tutakukumbuka daima, shangazi. Hukusema.