Karafuu Hapandi Feri

Mji wa Kale, Mombasa
13 Januari 2025

Kwako shoga yangu Sidi,

Pokea salamu zangu na za mamangu Khatijabai, ambaye goti lamsumbua lakini mdomo mzima. U hali gani? Kifua chako vipi, na hili vumbi la kaskazi? Watoto wa ndugu yako Charo hawajambo? Mimi ni mzima, ila situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa, mpaka mama ameniuliza, "Wewe mtoto, umekalia siafu?"

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu umenifungia tangu mamako alipofariki, mwaka juzi. Charo analinda jengo letu na kila jioni anarudi kwenu Likoni, basi bahasha hii nimemtwika yeye. Aliipokea kama mtu aliyepewa nyoka.

Habari yenyewe ni hii. Hussam wa kituo cha televisheni ameniita. Asema baada ya Ramadhani nafasi ya katuni za watoto itabaki moja tu. Ama paka wangu Karafuu na mbuzi wako Kidevu tuwatie katika kipindi kimoja, ama wote wawili waende zao, na nafasi apewe mwengine. Ataka hadithi ya kwanza kabla mwezi haujaandama.

Hebu fikiria, Sidi! Karafuu na umbea wake wa vichochoroni, Kidevu na bodaboda yake isiyo breki, uso kwa uso! Watoto wametuuliza mara ngapi kwa nini hawa wawili hawajuani, na wote ni wa Mombasa?

Nimeshaanza kuchora. Kidevu anavuka na feri, anaingia Mji wa Kale, anapotea vichochoroni, Karafuu anamwokoa. Wasemaje? Nijibu upesi, nisije nikatoboa sakafu kwa kutembea.

Nduguyo asiyetulia,
Fariha


Likoni
25 Januari 2025

Fariha,

Salamu zimefika. Kifua changu kina nafuu. Watoto wa Charo hawajambo, na mama Khatijabai wanamwombea goti lake. Nimechelewa kujibu kwa kuwa sikutaka kujibu.

Hussam ameniita mimi pia. Kazi naihitaji, na Kidevu simtupi. Sauti yake ni yangu, na nimeishi naye kuliko nilivyoishi na mwanamume yeyote. Lakini hadithi yako siitaki. Kwa nini mbuzi wangu ndiye avuke? Na kwa nini yeye ndiye apotee? Katika vipindi vyangu Kidevu amevuka kwa ajili ya nazi, kwa ajili ya harusi, hata kwa ajili ya kutafuta fundi wa bodaboda. Paka wako miaka yote hii hajatia mguu nje ya kisiwa. Nyinyi watu wa kisiwani mwapenda kutembelewa.

Karafuu ndiye aje. Apige hodi kwa Kidevu huku kwetu, apewe kiti, akae. Hapo ndipo tutakapoanza.

Sidi


Mji wa Kale
26 Januari 2025

Sidi wangu,

Natanguliza salamu kabla hujanigombeza. Umelalaje? Huku sote tu salama. Charo alipoitoa bahasha mfukoni nilipiga kigelegele pale ngazini, mama akatoka mbio na goti lake akidhani imekuja posa.

Sawa, nimekubali, paka aje. Lakini kuja kuna namna nyingi, na mimi usiku kucha nimegeuka kitandani kama chapati. Sikiza. Wakutane Ngome ya Yesu kwanza, mbele ya wauza vinyago, halafu waende kwenu kwa mawazo. Hutaki? Basi kunguru ambebe Karafuu kwa mdomo, ampitishe juu mpaka paani kwa Kidevu. Au Karafuu ajilalie ndani ya gunia la machungwa pale Marikiti, hamali alipakie garini, aamke yuko Likoni. Au aote! Watoto wapenda ndoto.

Nimechora zote nne. Chagua moja, na kama hukuipenda hata moja, chora wewe mwisho, mimi nichore mwanzo. Hussam amenipigia tena leo.

Nduguyo,
Fariha


Likoni
3 Februari 2025

Fariha,

Natumai mama yu salama. Mimi ni mzima.

Picha nimezitazama. Ngome, kunguru, gunia, ndoto. Kunguru umemchora vizuri, nimecheka mpaka nikakasirika kwamba nimecheka. Lakini aliyebebwa hakuja, ameletwa. Mgeni huja kwa miguu yake.

Nitakwambia, kwa maana nimechoka kuimeza peke yangu. Mama alipokufa, watu walikuja mpaka tukakosa mikeka. Hata Mwende, tuliyesoma naye chuo, alitoka Machakos na mimba yake ya miezi minane, akaketi chini nami akalia. Kutoka kwako ilikuja sufuria tu. Pilau nzuri, nyama tele, imebebwa na hamali asiyejua hata jina la marehemu. Na marehemu ni Mejumaa, Fariha. Mejumaa aliyekuita mwanangu, aliyekufungia mahamri kila Ijumaa nikija chuo, kwa sababu ati watu wa kisiwani hawajui kuyaumua. Nilikaa nikaitazama ile sufuria, nikasema moyoni, mwenzangu ameniletea wali.

Ingali hapa jikoni. Kwetu na kwenu, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, nami mpaka leo sijaona cha kutia.

Sidi


Mji wa Kale
5 Februari 2025

Sidi,

Salamu. Mama hajambo. Mimi sijui nilivyo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nimeisoma nikishuka ngazi, nimeisoma tena barazani mpaka jirani akaniuliza ni nani amekufa. Kila ninaloandika lageuka kisingizio. Nimekaa nikachora, kwa sababu ndiyo kazi pekee mkono wangu unayoijua.

Karafuu anakwenda Feri. Safari hii kwa miguu yake, kama ulivyotaka. Picha ya kwanza yuko juu ya mteremko, anakumbuka amesahau mwavuli, anarudi nyumbani. Nikaitupa. Picha ya pili amefika langoni, anampisha mzee mmoja, anampisha na wa pili, anawapisha watu wote mpaka feri imeondoka. Nikaitupa, kisha nikaiokota. Picha ya tatu ameteremka mpaka chini kabisa, ayaona maji pale ukingoni, na hapo kalamu imekwama. Nimejaribu asubuhi, nimejaribu baada ya chai. Paka hasogei.

Nakutumia hivyo hivyo, pamoja na ile niliyoiokota. Labda wewe wajua anachokitaka.

Fariha


Likoni
15 Februari 2025

Kwako shoga yangu,

Wahali gani? Nakuuliza kwa dhati safari hii, si kwa desturi.

Picha ya tatu nimeibandika ukutani nikaitazama siku nyingi. Karafuu amebeba sufuria. Kwenye barua hukuitaja. Sijui kama wewe mwenyewe umeiona. Kishikio kimoja kimefungwa kitambaa chekundu. Nilikwenda jikoni nikaitoa ile yako chini ya meza, nikaipangusa vumbi. Kitambaa ni kile kile.

Ulifika Feri siku ile. Uliteremka nayo mpaka chini, ndipo ukampa hamali.

Nimekaa na jambo hili, na wallahi nimeudhika upya. Miaka yote ya chuo ukiniambia "nitakuja, nitakuja," kumbe ni maji wayaogopa! Mimi nikidhani waudharau upande wetu, nyumba yetu ya makuti, mama yangu na mkeka wake. Ukaona afadhali nikuchukie kuliko nikucheke? Ningekucheka, ndiyo. Ningekucheka wiki nzima, halafu tungecheka pamoja. Mama alikufa akiniuliza kama tumegombana.

Basi hadithi ni hii, wala usiibadilishe. Karafuu anaogopa. Anavuka hali anaogopa. Simtaki afike shujaa, afike ametapika. Kidevu hatashuka kumshika mkono. Atamngoja juu ya mteremko, upande wetu.

Nami nitangoja hapo hapo, Jumamosi ijayo asubuhi. Njoo uifuate sufuria yako mwenyewe. Sitavuka kuja kukuchukua, nimevuka vya kutosha. Usipokuja, Jumatatu nitampa Charo akurudishie, na itakuwa tupu, na Hussam nitamwambia mbuzi wangu hana mwenzake. Nakwambia mapema ili usiseme sikukwambia.

Shogako,
Sidi


Feri, upande wa kisiwani
Jumamosi, 22 Februari 2025

Shoga yangu Sidi,

Salamu. Waonaje hali? Yangu waijua.

Naandika nikiwa nimesimama, karatasi juu ya mkoba, kwa maana mikono lazima ishike kitu na sufuria sina. Mama amenisindikiza mpaka barabarani na goti lake. Ati, "Nenda, mwanangu. Ukirudi bila ile sufuria usiingie nyumbani." Charo ametaka kunifuata nikamkataza. Ungesema nimeletwa.

Feri moja imeondoka. Nilikuwa nawapisha watu.

Ya pili nayo imeondoka. Mwanamke mmoja anayeuza korosho, aitwaye Nasipwondi, ameniuliza namngoja nani. Nimemwambia naogopa maji. Sijawahi kumwambia mtu, na nimemwambia muuza korosho! Hakucheka. Amesema yeye mwaka wa kwanza alivuka akitazama kisogo cha mtu wa mbele, asitazame kitu kingine. "Chagua kisogo kizuri, dada," ameniambia, na amenipa mfuko mtupu endapo tumbo litachafuka.

Niko ndani. Watu ni wengi hata siwezi kurudi. Nimechagua kisogo cha mzee mwenye kofia ya vito, ile ya matundu matundu, imeshonwa vizuri, nayahesabu.

Imeng'oka. Sidi, chini panatetema. Naogopa. Mejumaa, mama, nisamehe, naogopa. Najua hati haisomeki.

Mfuko wa Nasipwondi umefaa. Mzee wa kofia ameniombea dua, halafu amesogea mbali kidogo, simlaumu.

Mlango umeshuka. Naandika nikipanda mteremko, watu wanipiga vikumbo na kunigombeza. Hussam atapata hadithi yake. Paka amefika, na ametapika kama ulivyotaka.

Nakuona. Umesimama juu, kando ya wauza ndizi, na kanga ya mamako. Kitambaa chekundu nakiona kutoka huku. Umeibeba sufuria kwa mikono miwili, na yaonekana nzito.

Hodi, Sidi.

Dada yako,
Fariha